Mkono wa Gramu Tano

Wivu wa Jean-Berchmans haukuanzia kwa mwanamume mwingine, ingawa bonde zima lilipenda kusema hivyo. Ulianzia kwa chupa. Tena chupa ndogo nyeupe ya nusu lita, ya kutia mfukoni mwa koti ukaenda nayo misani na padri asijue.

Kwanza mumjue mwenyewe. Alizaliwa Buyenzi, kule Bujumbura, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akarudi Kigali kijana na Kiswahili chake mdomoni na mke wake Donatille ubavuni. Sasa amepita hamsini. Wanakaa Busanza, ghorofa ya pili, gunia la mbolea ya urea limesimama barazani kwa sababu hakuna pengine pa kuliweka. Shamba lao la mahindi liko chini bondeni, pamoja na mashamba ya wenzao wa ushirika, mahali ambapo ndege zinazokwenda kutua Kanombe hupita chini kiasi cha kuwafanya watu wanyamaze katikati ya neno.

Katika bonde hilo watu hupima urea kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kila mche. Jean-Berchmans hakuwa mtu wa vifuniko. Alichota kwa vidole vitatu. Mwaka mmoja bwana shamba wa zamani, kwa utani tu, alileta mizani ndogo ya maabara akampimia michoto kumi mbele ya watu. Tisa ilikuwa gramu tano kamili. Wa kumi ulizidi kidogo, na huo Jean-Berchmans alisema ni upepo. Tangu siku hiyo akaitwa Mizani, na siku za kutia mbolea watu walimpigia simu aje awatilie. Alipita matutani na ndoo yake, akitoboa shimo shubiri moja juu ya mche, upande wa mlimani, ili maji yakishuka yaipeleke mbolea kwenye mizizi. Mdomo ulizungumza habari za mpira, mkono ulifanya kazi peke yake. Malipo hakutaka. Alichotaka ni waseme, na walisema.

Halafu akaja Mucyo, bwana shamba mpya, kijana mpole mwenye buti safi mno, na chupa zake za mbolea ya nano. Aliwaeleza kwamba chembe za mbolea hiyo ni ndogo hata unywele mmoja wa kichwa ni gogo mbele yake. Hunyunyiziwa kwenye jani, nazo zinaingia kupitia matundu ya jani lenyewe. Urea ya gunia, alisema, sehemu kubwa huchukuliwa na mvua ikaishia mtaroni, mkulima akabaki amelisha vyura. Chupa moja inakusudiwa kufanya kazi ya gunia zima, na hilo ndilo alilokuja kulijaribu pamoja nao. Akaomba kila nyumba itoe mtu mmoja wa kujifunza.

"Mimi siko mtoto wa shule," Jean-Berchmans akasema. "Mama Ingrid ataenda."

Alimtuma mkewe kama mtu anavyomtuma mwenzake chumvi dukani. Laiti angejua.

Donatille aliipenda kazi ile. Mililita sitini kwa pampu ya lita kumi na tano, wala si sitini na mbili. Alifuata mstari kwa mstari, mgongo wima, na akirudi nyumbani aliandika daftarini saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Wenzake walizidisha dawa, wengine walinyunyiza jua likiwaka, wengine walisahau nusu ya shamba. Majani yake yeye yalipokea vizuri kuliko ya wote. Haukupita mwezi watu wakaanza kumwita Mwalimu. Simu iliyokuwa ikilia kumtafuta Mizani sasa ililia kumtafuta Mama Ingrid aje apime.

Roho ilimuuma Jean-Berchmans, ikamuuma kweli. Alikuwa akila ugali na simu inalia, anaipokea, mtoto wa watu upande wa pili anasema, "Shikamoo mzee, Mwalimu iko hapo?" Anampa mkewe simu na kurudi kwenye ugali ambao hauna ladha tena. Na kwa kuwa chupa ile hutaka asubuhi umande ukishakauka au jioni upepo ukitulia, Mucyo alikuwa akipiga mapema kuuliza hali ya hewa bondeni. Jirani yao wa shamba, Kabagwira, ambaye ulimi wake hauna likizo, hakuliacha lipite.

"Mizani, siku hizi mke wako anaamshwa na agronome, bwana shamba mwenyewe."

Jean-Berchmans alicheka kwa meno tu. Angalau ingekuwa kweli! Mwanamume mwenzako unamwendea, mnagombana, watu wanawaamua, yanakwisha. Lakini yeye alimwonea wivu mke wake mwenyewe, na hilo mtu anamwambia nani? Padri? Alilimeza likamkaa tumboni. Alianza kutafutia kasoro chumvi ya mboga, namna mlango ulivyofungwa, hata mwandiko wa daftarini. Donatille alimtazama, akaendelea kuandika.

Shamba lao lilikuwa limegawanywa sehemu mbili kwa ajili ya jaribio. Kulia kwa mtaro ni urea ya gunia, kwa mkono wa Jean-Berchmans, mchoto mmoja kila mche. Kushoto ni chupa, kwa pampu ya Donatille. Alhamisi fulani wangekuja wageni wa utafiti kulinganisha, na siku hiyohiyo wangemchagua mkulima mmoja wa kwenda kufundisha mabonde mengine. Kila mtu alijua atakuwa nani. Jean-Berchmans alijua kuliko wote, maana ndiye aliyelala akilifikiria na kuamka nalo.

Juma moja kabla, saa saba mchana, watu wote wakiwa wamepanda kwenda kula, alishuka bondeni na ndoo. Kamanzi, mlinzi wa bonde, alikuwa kwenye kibanda chake amejifunika kofia usoni. Jean-Berchmans akaingia upande wake mwenyewe, akautia urea mara ya pili. Jasho lilimwingia machoni. Hakuchota kwa vidole vitatu bali kwa kiganja, akatoboa popote, upande wa chini wa mche, karibu mno na shina, huku akitazama njiani asije mtu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutopima.

Mvua ikanyesha kidogo, na Alhamisi upande wake ulikuwa kijani cha kuelekea weusi. Wa Donatille ulikuwa mzuri, lakini karibu na ule ulionekana umefifia. Wageni wanne waliovaa fulana za aina moja wakasimama kwenye mtaro, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakatazamana.

"Kumbe gunia bado linajua kazi," mmoja akasema.

Mucyo aliinamisha uso. Jean-Berchmans aliuona uso ule ukianguka na, Mungu amsamehe, alifurahi hadi vidole vya miguu.

Donatille alikuwa ameshachuchumaa upande wa kulia. Aligeuza jani la chini: ukingo wake ulikuwa umeungua, wa kahawia. Akagusa udongo shubiri moja juu ya mche, akalikuta shimo la zamani. Akagusa chini ya mche, karibu na shina, akakuta jingine. Akaenda kwenye mche wa pili, wa tatu, wa nne. Akasimama akajipangusa mikono kwenye kitenge.

"Hapa mbolea imewekwa mara mbili," akawaambia wageni. "Na si mume wangu. Mkono wake naujua miaka yote hii. Hawezi kuweka upande huu, hawezi kumwaga namna hii. Iko mtu mwingine ameingia hapa kwetu."

Waliitikia kwa vichwa, kwa sababu neno la Mwalimu lilikuwa neno. Mucyo akageuka taratibu kumtazama mlinzi.

"Kamanzi, nani alishuka huku?"

Kamanzi alivua kofia. Alikuwa mtu wa kibarua, ana watoto watatu, na usingizi wake wa mchana ulijulikana na kila mtu. Jean-Berchmans aliona kwamba yeye mwenyewe angenyamaza dakika moja zaidi tu, mambo yangekwisha: Kamanzi angefukuzwa, jina la Mizani lingebaki safi, tena lingekuwa limesafishwa na Donatille mwenyewe mbele ya watu. Ndege ilipita juu yao na wote wakangoja ipite. Ilichukua muda wake.

"Ni mimi," akasema. "Mwacheni huyo. Ni mimi nilirudia."

Wageni hawakugomba, walikuwa watu wa adabu. Waliandika kwamba shamba lile halihesabiwi, pande zote mbili, wakavuka kwenda kupima la Kabagwira. Na kwa kuwa hawangeweza kumchagua mtu ambaye shamba lake limefutwa, atakayekwenda kufundisha mabonde mengine wakamwandika Kabagwira. Jean-Berchmans alikuwa amepata alichokitaka miezi yote ile. Mke wake hakuwa Mwalimu tena. Alijitafutia furaha ndani yake kama mtu anayejipapasa funguo, asiione.

Walipanda mlima, yeye nyuma, Donatille mbele na pampu mgongoni. Alitaka kuipokea ile pampu; akaogopa.

"Mama Ingrid," akasema walipofika kwenye lami. "Ulijua ni mimi?"

"Nilijua kwenye mche wa kwanza."

"Basi mbona umewaambia ni mtu mwingine? Umesema uongo mbele ya watu kwa ajili yangu."

Donatille alisimama, akavuta pumzi, akaipandisha pampu vizuri mabegani.

"Sikusema uongo, Baba Ingrid," akasema. "Yule mtu mimi simjui."