Utafikia kwa Nani?

Naikumbuka siku ambayo mgeni kutoka Tabora alinilenga kwa bunduki, mwanangu, nawe ukiwa tumboni mwangu. Hakufanya kwa ubaya. Alidhani mimi ni pongo, yule swala wa vichakani. Habari hii nimekaa nayo miaka mingi kwa sababu baba yako hakupenda itajwe. Lakini jana ulinipigia simu kwa furaha, ukasema wewe na wenzako mmepata leseni ya kuwinda huko kusini, na kuna mtu mmempata mtandaoni anayewahakikishia mnyama. Nikanyamaza, ukauliza kama mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa naogopa.

Basi nisikilize, na usinikatize kama ilivyo kawaida yako.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami ni bibi harusi wa juzi pale Magamba, nje kidogo ya Mpanda. Mwindaji wa Tabora aliyetaka kuja huku kwetu alipanda treni mpaka Mpanda. Leseni anayo, mnyama wake ameandikiwa, pori la wazi ameonyeshwa kwenye ramani. Lakini ukishafika porini, ramani haikwambii maji yako wapi wala mpaka wa hifadhi unapita kwenye mti gani. Kwa hiyo kila mgeni alihitaji mwenyeji, na stesheni wenyeji walikuwa wengi kama nzi. Akishuka mtu na mfuko mrefu wa turubai, vijana walimzunguka mpaka akakosa pa kuweka mguu.

Mimi nilikuwa pale nauza mihogo ya kuchemsha. Akashuka kijana mmoja mrefu, Maganga, fundi magari, vidole vimeingia oili ambayo sabuni ilishindwa nayo. Vijana wakamvamia.

"Kaka, twende na mimi! Kesho asubuhi unakula maini!"

"Usimsikilize huyo, mimi najua pongo wanapolala!"

Alikuja kununua mhogo, nadhani apate tu pa kujificha. Akaniambia baba yake alikuwa mwindaji wa siku nyingi, sasa ni mgonjwa wa kitandani, na anatamani kula nyama ya pongo kabla hajafa. Bunduki ile ilikuwa ya mzee, na kijana alikuwa ameimiliki kihalali. Nikamwonea huruma.

"Baba mkwe wangu anapokea wawindaji," nikamwambia. "Ila yeye haahidi kitu."

"Haahidi kitu kabisa?"

"Hata chai haahidi. Lakini utakunywa."

Akacheka, akabeba mfuko wake, akanifuata. Yaani mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, ndiye niliyeileta ile bunduki nyumbani.

Babu yako Lusambo unamjua kwa picha tu. Alikuwa mfupi, mbishi, mpenda ugoro, na ukimharakisha ndiyo kwanza anakaa chini. Alimpeleka mgeni kwa mtendaji wa kijiji, akampeleka na kwa afisa wanyamapori, karatasi zikaonekana safi. Maganga akadhani sasa ni kuingia porini. Kumbe bado. Kila asubuhi, kabla ya kutoka, babu yako alizunguka nyumba kwa nyumba, ugoro mkononi, akiuliza swali lilelile: leo watu wako wapi? Nani kaenda kurina asali? Ng'ombe wa Wasukuma wamechungwa upande gani? Watoto wa mama fulani wameshapita kwenda shule? Jua linapanda, wanyama wanaingia vichakani, yeye anauliza habari za watu.

Siku ya mwisho ya leseni uvumilivu ulimwisha Maganga. Alikuwa hajapata chochote.

"Mzee, samahani. Tumekuja kuwinda wanyama au kutafuta watu?"

"Nakuja," babu yako akasema, akaenda nyumba inayofuata.

Kwangu alifika nikifagia uwanja. "Mama, leo unaelekea wapi?"

"Kuokota kuni, baba. Upande wa shule."

Nilimdanganya. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, uyoga umeota, nami nilikuwa nimegundua mahali. Mwanangu, wewe ni mwanaume, hutaelewa. Mwanamke wa huku akipata mahali pa uyoga hamwambii hata mama yake mzazi. Kesho yake angekuta kijiji kizima kimeinama pale. Hata wewe sikutajii, usijisumbue kuuliza.

Basi nikajifunga kanga yangu kuukuu ya rangi ya udongo, nikachukua kikapu, nikazungukia nyuma ya mashamba mpaka kule kijitoni. Uyoga ulikuwa umejaa. Nikaanza kung'oa, nimeinama, nimesahau dunia. Nikasikia kijiti kinavunjika nyuma yangu. Mawazo yangu yakaenda kwa mama Zawadi, jirani yetu, ambaye alikuwa na tabia ya kunifuatilia. Nikasema moyoni, mama Zawadi hapaoni hapa. Nikainama zaidi, nikajikunyata ndani ya kichaka, kimya kabisa.

Kisha nikasikia mnong'ono wa mwanaume: "Namwona mgongo."

Nikageuza shingo. Kwenye upenyo wa majani niliuona mdomo wa bunduki, na nyuma yake jicho la Maganga. Sikuweza kupiga kelele, mwanangu. Watu husema mtu akiona kifo hulia, mimi sauti ilikataa kabisa. Mkono wangu ulikwenda tumboni, basi.

"Shusha," sauti ya babu yako ikasema.

"Mzee, namwona! Tumemfuata tangu kule bondeni, yuko hapa hapa."

"Nimesema shusha bunduki!"

Alisema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. Pale pale, hatua chache kutoka kwangu, pongo wa kweli akachomoka upande wa pili wa kichaka, dume zuri, madoa meupe ubavuni, akavuka kijito na kupotea. Maganga akageuka, machozi yanamlengalenga.

"Umeninyima, mzee. Leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Baba nimwambie nini?"

Babu yako alikuwa amechuchumaa. Alishika kipande cha shina la uyoga kilichobaki ardhini, udongo wake bado mbichi. "Pongo hang'oi uyoga namna hii," akasema. "Huu umeng'olewa sasa hivi. Una mwenyewe, na mwenyewe yuko huku." Kisha akapaza sauti: "Nani yuko humo? Toka!"

Nikasimama na kikapu changu.

Maganga aliponiona aliitazama bunduki, akaanza kutoa risasi, zikamwanguka majanini. Babu yako aliketi chini palepale kwenye unyevu, mtu mzima yule, mkwe wangu ambaye sikuwahi kumwona akikaa bila kigoda mbele yangu, akafunika uso. Nililia mimi, akalia mgeni, mpaka ikabidi yeye atunyamazishe.

Baadaye, tukirudi, Maganga alimwomba radhi. Babu yako akamjibu bila kumtazama: "Wanaojua pongo wanapolala ni wengi, kijana. Uliwaona stesheni. Nyie wageni mkija mnatafuta hao. Lakini ukiua mtu hapa, wewe utapanda treni au utaingia gerezani. Mimi nitabaki namtazama mwanaye kila siku." Halafu akanigeukia. "Na wewe, mama. Nilikuuliza."

Ni hayo tu aliyoniambia, na mpaka leo yananiuma kuliko kama angenichapa.

Maganga aliondoka bila nyama. Nikampa uyoga wote, nimeukausha juani siku mbili alizosubiri treni, ampelekee mzee wake. Mwaka uliofuata alirudi. Baba yake alikuwa ameshafariki. Akatueleza kwamba siku ile alipofika nyumbani mikono mitupu aliona aibu kuingia chumbani, lakini mzee wala hakuuliza nyama iko wapi. Aliuliza, "Ulifikia kwa nani?" Kijana akasimulia yote, mpaka uyoga. Mzee akasema, "Basi ulifikia pazuri," akaomba apikiwe ule uyoga, akaula.

Na unajua Maganga alifanya nini safari hiyo ya pili? Alfajiri alimtangulia babu yako. Nikamwona anakuja uwanjani kwangu, amevua kofia, wewe nimekubeba mgongoni. "Shikamoo, dada. Leo mnaelekea wapi?" Nikamtajia mahali penyewe pa uyoga. Ni yeye peke yake niliyewahi kumtajia.

Kwa hiyo huyo mtu wenu wa mtandaoni, mwanangu, usimuulize kwanza wanyama wako wapi. Muulize watu wako wapi. Muulize nani analima karibu na pori hilo, nani anachunga, wanawake wanapita njia gani. Akikucheka, tafuta mwingine. Akikuhakikishia mnyama, ogopa. Chagua yule atakayekwambia ushushe bunduki wakati kidole chako kimeshafika kwenye kifyatulio, nawe uishushe bila kubishana, hata kama leseni inaisha jioni hiyo. Na ukikuta udongo mbichi mahali uyoga uling'olewa, keti chini, uite kwa sauti, usubiri. Huenda aliyemo ni mkaidi kama mama yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye njia usiyoijua, akufikishe kwa mtu mwema. Ukipata mnyama, mle kwa amani, na ukikosa, nyumbani hakuna atakayekuuliza nyama. Na huko uendako, kama kuna binti ameinama kichakani na kikapu chake, Mungu amrudishe kwao salama, yeye na alichobeba.