Likelemba ya Vidonge

Kule Butembo alikotoka fundi Kasereka, likelemba ni mchango wa zamu: kila mtu anatia chake, na mmoja anabeba. Wakongo wa Kansanga walikuja nayo Kampala. Lakini aliyewaza kuifanya ya vidonge alikuwa Mama Darlène, muuza samaki wa chumvi na kiongozi wa kwaya, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Mtu anapewa dawa hospitali, anapona katikati, vinavyobaki vinaozea kabatini," alisema. "Hiyo ni dhambi."

Basi vilivyobaki vikawa vinatiwa kwenye kopo la maziwa chini ya cherehani ya Kasereka, kwa kuwa alikuwa mpole na duka lake halifungwi mapema. Mle mlikuwa na vyekundu-na-vyeusi, vya manjano, na vyeupe vya kuvunjwa katikati, vyote vimelala pamoja kama wapangaji wa chumba kimoja.

"Papa Kasereka, nipe vya kikohozi."

"Vya kikohozi ni vipi, Mama Darlène?"

"Nipe vyenye rangi nzuri."

Naye alimpa. Angefanyaje?

Kisha siku moja sindano ya cherehani ikapita katikati ya kidole chake cha shahada, mkono wa kulia. Kidole kikavimba. Kwaya ikaja kumpa pole na kumtangazia kwamba sasa zamu ni yake. Akameza chekundu-na-cheusi asubuhi, cha manjano jioni, na kingine Mama Darlène akakipasua, akamwagia unga wake juu ya kidonda huku akiomba kwa sauti. Uvimbe ukashuka. Kasereka akaacha dawa, vilivyosalia akavirudisha koponi, maana si adabu mtu kubeba kupita zamu yake.

Uvimbe ukarudi, na safari hii ulikuja na jamaa zake. Kidole kikawa kama gonja, ile ndizi ya kuchoma, iliyochomwa mpaka ikapasuka. Hakuweza kusukuma hata kipande cha kitenge, na ushonaji ndio mali pekee aliyovuka nayo mpaka. Wateja wakaanza kumpita wakimtazama kwa huruma, wakaelekea kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Akapanda mlima wa Old Kampala mpaka kliniki moja, kwa muuguzi Sista Munirah, mwanamke wa familia za Waislamu wa zamani wa mlima ule, aliyesema Kiswahili kama mtu anayekunja nguo safi.

"Mzee wangu, umekunywa dawa gani?"

Kasereka akatazama sakafu. "Ya rangi, Sista."

"Rangi gani?"

"Zote."

Sista akafumba macho kidogo. Akachukua usaha kwa pamba, ukapandwa kwenye kisahani cha maabara na kutiwa dawa mbalimbali. Kasereka aliporudi kusikia majibu, aliambiwa kwamba bakteria wake walikuwa wamejaa pembeni ya ile dawa nyekundu-na-nyeusi kama wageni waliokaribishwa chai.

"Mwili wangu umeizoea?"

"Si mwili wako. Wao ndio walioizoea. Sikiliza, wewe ni fundi. Bakteria ana ukuta, na kila akikua anaushona upya. Dawa ile inamharibia mshono, anapasuka. Lakini wachache wana mkasi wao: wanaikatakata dawa kabla haijawafikia. Ukiwapa dawa isiyotosha, au ukiacha njiani, wanyonge wanakufa, wakorofi wanabaki na nyumba nzima. Wanazaa. Tena wanapeana ule mkasi."

"Ndugu kwa ndugu?"

"Hata wasio ndugu."

Kasereka akakuna kichwa kwa mkono usiouma. "Kumbe nao wana likelemba."

"Yao haina anayekimbia na mchango," alisema Sista. "Kisahani kinaonyesha dawa moja ambayo bado inawaua. Kunywa mpaka iishe, hata ukipona. Ukiacha katikati, safari ijayo tutamwita daktari wa kisu akikate."

Kasereka akanywa. Uvimbe ukanywea, maumivu yakaisha, kidole kikaanza kujikunja. Alikuwa amerudi kwenye cherehani, na vidonge vichache bado mfukoni, Mama Darlène alipoingia akikohoa.

"Papa Kasereka! Kidole kimepona, Mungu asifiwe. Lete vilivyobaki."

"Bado navinywa, Mama."

"Mtu aliyepona anakunywa dawa ya nini? Ni tamaa?"

Kasereka alitamani cherehani immeze. Akatoa kidonge. Mama Darlène akanyoosha kiganja. Kasereka akakitia kinywani mwake mwenyewe na kukimeza bila maji, kikamkwama kooni, machozi yakamtoka.

"Mchoyo hata wa ugonjwa!"

"Nenda kwa Sista, Mama," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Akupime. Kopo nimempelekea yeye."

"Kopo letu?"

Kasereka akaitikia kwa kichwa, maana sauti ilikuwa imegoma. Mama Darlène akafungua mdomo kumgombeza, kikohozi kikamtangulia. Halafu akaketi kwenye benchi, akavua koti lake lililochanika begani na kulitupa juu ya meza.

"Haya, shona. Tuone kama kidole chenyewe kinastahili dawa yote hiyo."

Kasereka akalitandaza. Kidole kikasukuma kitambaa polepole, mbali kidogo na sindano.