Siku niliyomtoa Mwalimu Kampala ndani ya buti la gari la baba yangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, pamoja na ndugu zangu wa Kampala mnaosoma kimyakimya bila ku-login.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na ushee. Simu nimefundishwa na mjukuu, uongo sikufundishwa na mtu. Atakayeona hii ni chai aseme, ila kwanza ainywe mpaka mwisho.

Twende.

Miaka ya sabini, enzi za utawala wa kijeshi, tulikaa upande wa Luzira. Baba alikuwa mwanajeshi kutoka kaskazini. Baadaye akahamishiwa usalama, akavua magwanda, akaanza kuvaa mashati ya maua na kuendesha gari la ofisi. Waliokuwepo wanajua hao walikuwa watu gani.

Kazi yake ilikuwa kuchukua watu. Waliingia kwenye buti la lile gari, basi, hawakuonekana tena.

Nilijuaje? Mimi ndiye nilikuwa naliosha.

Nilimchukia baba. Nilikuwa na miaka ishirini, nakula chakula chake, navaa viatu alivyoninunulia, na namchukia.

Sasa, jirani yetu alikuwa Mwalimu Shabani, mtu wa ukoo wa zamani wa pwani, babu zao walikuja Buganda na biashara. Ndiye aliyenifundisha Kurani. Kuna mfanyabiashara wa Kikuubo, kule madukani mjini, alipotea, na Mwalimu akamsomea khitma ya marehemu hadharani. Mnaelewa uzito wake? Serikali inasema mtu kasafiri, wewe unamsomea khitma. Ni sawa na kusema wamemuua.

Ijumaa moja asubuhi, baba akiwa anakunywa chai, akamwambia mama kwamba akitoka kuswali ana kazi kwa Mwalimu. Alisema hivyohivyo tu, kama mtu anayekwenda kununua sukari. Mama akainama.

Baba alikuwa na desturi moja. Ijumaa alikwenda msikitini kwa miguu. Lile gari hakuwahi kulipeleka kule. Hakuwahi kueleza, na mimi sikuwahi kuuliza. Funguo ziliachwa zinaning'inia kwenye msumari.

Alipotoka tu, nikazichukua.

Mwalimu alikuwa kitandani na malaria, ndiyo maana hata msikitini hakwenda. Nikamwambia nini kinakuja na njia ya kutoka ni ipi. Akauliza kama mimi ni mwana wa baba yangu au ni mwanafunzi wake. Nikamwambia nyanyuka, Mwalimu, maswali baadaye.

Nikamlaza kwenye buti.

Mtasema nilichanganyikiwa. Hapana, nilijua ninachofanya. Kwenye roadblock wanajeshi walipekua kila gari, hadi vikapu vya nyanya vya akina mama. Magari ya ofisi ya baba hawakuyagusa. Buti lile hakuna askari aliyetaka kuona kilichomo. Kwa hiyo Kampala nzima, mahali salama pa kumficha mtu palikuwa palepale.

Nakawa wakanisimamisha. Mmoja akalitambua gari, akapiga saluti. Nikajua nimepita.

Kumbe bado. Akafungua mlango wa mbele, akaketi. Anataka lifti hadi Kireka.

Nikaendesha. Hatujafika mbali, Mwalimu akakohoa.

Askari akageuza shingo. "Huyo bado iko hai?"

Nikajibu bila kumtazama. "Iko hai kidogo. Afande nataka uliza yeye maneno kwanza."

Akacheka, akaomba radhi kwa kuingilia kazi.

Wakuu, niliogopa sana. Na kilichoniogopesha zaidi ni ile sauti. Ilikuwa ya baba kabisa, na ilitoka mdomoni mwangu bila kuitafuta.

Kireka akashuka. Mukono nikamkabidhi Mwalimu kwa kaka yake, akiwa ameloa jasho lakini mzima. Wakampitisha hadi Kenya, na huko alifundisha watoto wengine miaka mingi sana.

Nikarudisha gari nyumbani, nikaingia ndani kifua mbele, najiona mwamba.

Baba alikuwa ameketi karibu na simu. Yule askari alikuwa amempigia kutoka Kireka kumpongeza kwa kupata kijana anayefuata nyayo zake, na ofisini kwake habari ilikuwa imeshafika.

Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono nikampa funguo.

"Mimi nimeambia wao ndiyo, ni mimi nilituma wewe," akasema. "Sasa wanataka Jumatatu wewe anza kazi. Na wanataka ona Mwalimu."

Nikamwambia kazi yake sifanyi.

"Najua. Basi ondoka leo, enda Kenya. Usiandikie hata mama yako."

"Na wewe utawaambia nini, baba?"

"Nitasema umeficha Mwalimu, na mimi mwenyewe nimekumaliza."

Nikamuuliza kama wataamini. Akanitazama usoni, mara ya kwanza siku ile.

"Wataamini," akasema.

Nikaondoka na nguo nilizovaa. Sikumwona tena. Utawala ulipoanguka alikimbia na wenzake, na kaburi lake sijui liko wapi.

Nilichojifunza? Watu huniambia baba yangu alikuwa shujaa, nimsamehe. Kwamba aliniokoa, sikatai, na namshukuru hadi leo. Lakini mama alinisimulia baadaye jinsi wale wenzake walivyokuja nyumbani. Hakuna aliyeuliza maiti yangu iko wapi. Walikaa, wakanywa chai aliyowapikia mama, na mkubwa wao akampa baba mkono, akamwambia hakutegemea pungufu ya hilo kutoka kwake.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye wazazi waliofanya kazi za aina hii, semeni mnaishi nayo vipi. Na matusi pia leteni, nimezoea.