Mafuta Nyuma ya Gurudumu

Tangu niliposhuka kwenye gari la moto hapa Dodoma, siku tatu sasa, usingizi umenikataa kwa jambo ambalo wewe, rafiki yangu, huenda ukalicheka. Je, mkono wangu wa utotoni ulipaka mafuta nyuma ya gurudumu, au nje tu? Nimejishitaki, nimejitetea, nimekuwa shahidi na kadhi peke yangu. Wenzangu tuliomaliza nao shule ya ufundi kule pwani walizoea kunitania kwamba mimi hata chai huipima kwa rula kabla ya kuinywa. Hili halina rula.

Lilinianza karakanani, mwezi wa mwisho wa masomo. Mwalimu alifungua gurudumu la motakaa, akapitisha kitambaa kwenye kitovu, pale gurudumu linapokalia, akasema, "Hapa ni chuma kwa chuma. Rangi hapana, mafuta hapana. Ukiacha kitu katikati, gari likienda kitu hicho kinabanwa na kutoka, nati zinalegea. Gurudumu linacheza, parafujo zinakatika." Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini, maana nilikuwa nimesikia tena sauti ile: ta, kisha ta, kisha ta-ta.

Nililelewa na bibi, nje kidogo ya mji, reli ikiwa imetufikia juzijuzi na bendera ya Wadachi ikipigwa na upepo uleule uliotupiga sisi. Asubuhi zetu zilinuka moshi wa mavi ya ng'ombe na maziwa yaliyolala kibuyuni. Kazi yangu ilikuwa kufungulia ndama, na uwele ukikomaa, kuwinga ndege. Mchana tulikula ugali wa uwele kwa mlenda. Kiangazi upepo ulitumwagia mchanga chunguni, na bibi akasema, "Kula, mume wangu. Mchanga ndio chumvi ya Ugogo."

Jirani yetu alikuwa mhunzi. Niliamshwa na mivukuto yake ya kupulizia moto zaidi kuliko na jogoo. Alifua majembe na mikuki, na watu walitoka mbali kumfuata, kwa kuwa jembe lake halikujua kuvunjika.

Wakati huo Mzungu mmoja, mnunuzi wa ngozi, alileta motakaa kwa reli. Dereva wake aliipitisha porini pasipo na njia, juu ya mawe, vichuguu na makorongo. Siku moja ikarudi ikichechemea: kati ya parafujo sita zinazoshika gurudumu la nyuma, moja ilikuwa imekatika na mbili zimepinda. Msimamizi wa yule Mzungu akaipeleka kwa mhunzi.

"Badilisha hiyo moja tu," alisema msimamizi.

"Moja ikifa, zilizobaki hubeba mzigo wa marehemu," mhunzi akajibu. "Hizi zote zimechoka."

Akazigonga zikatokea nyuma, zote sita. Akafua mpya kwa vyuma vilivyotupwa na wajenzi wa reli, akazikata meno polepole kama mtu anayesuka. Nilimvutia mivukuto siku nne. Alinifundisha kwamba nati hazikazwi kwa kufuata duara. Unakaza moja, kisha inayoikabili, na gari likishatembea kidogo unasimama na kuzikaza tena.

Siku ya kufunga gurudumu, bibi akaja na kibuyu chake. Kwetu mtu haendi safari ndefu bila kupakwa mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu.

"Mhunzi, mwanao anasafiri mkavu hivyo?"

"Si mwanangu, mama. Huyo ni punda wa Mzungu."

"Hata punda ana miguu!"

Wapakiaji wa ngozi waliokuja na motakaa wakacheka. Bibi akapaka pembeni mwa gurudumu lililolazwa chini, akatema mate ya baraka. Mhunzi akamwambia, "Nje tu, mama. Ndani niachie mimi." Kisha akaingia kibandani mwake kuleta nati, na bibi akarudi nyumbani. Kibuyu kikabaki kwangu.

Kitovu kilikuwa wazi, parafujo sita mpya ziking'aa. Niliipenda ile kazi. Nilitaka ifike mbali kuliko majembe yote. Basi nikachota, nikapaka uso wote wa kitovu na shina la kila parafujo, mpaka pakawa pekundu. Mhunzi aliporudi, dereva alikuwa akipiga kelele za haraka na wapakiaji walikwisha kulipachika gurudumu. Mhunzi akakaza. Hakuona.

Alasiri motakaa ilirudi na shehena ya ngozi, ikipita visimani watu wakinywesha ng'ombe. Ndipo ikasikika: ta, ta, ta-ta. Gurudumu likachomoka, likatangulia mbele peke yake, likapita kati ya ng'ombe kama linakwenda kwa mtu linayemjua. Gari likalala ubavu. Mpakiaji mmoja akavunjika mguu.

Msimamizi akaokota kipande cha parafujo. "Chuma kibovu!" Mhunzi aliletwa na kupigwa kiboko palepale visimani. Hakulia. Alishikilia kile kipande kiganjani na kukitazama, akitafuta kosa lake. Mimi nilikuwa hatua chache tu, mikono miekundu nimeificha ndani ya shuka.

Baada ya hapo watu wakaanza kusema majembe yake huvunjika. Mwaka haukuisha, akahamia Hombolo. Asubuhi zikawa kimya, na kimya kile kiliniamsha mapema kuliko mivukuto.

Nimejaribu kumtupia dereva lawama, maana hakusimama kukaza tena. Nimejaribu kumtupia bibi. Bado yu hai; nilipomweleza, alinitazama sana, akasema, "Mimi nilipaka nje, mume wangu." Hapo nikakumbuka ubaridi wa chuma kwenye vidole vyangu, na shaka yote ikaisha.

Juzi nilikwenda Hombolo kwa miguu. Nilimkuta mke wa mhunzi akipeta uwele. Mumewe alikwisha kufa. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote. Hakuacha kupeta.

"Alikufa akisema labda aliupoza moto mapema," alisema. "Kila chuma alichofua baadaye alikijaribu mara mbili mbili."

"Nisamehe, mama."

"Mimi unaniambia nini? Mimi nilijua chuma chake ni kizima. Waliomwona akipigwa hawako hapa."

Jana nilirudi njia nzima nikihesabu sababu za kunyamaza. Mimi ni msomi, watacheka. Mtu akishakufa jina lake halimuumi. Sababu zilikuwa nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mhunzi.

Leo wakati wa kunywesha nilikwenda visimani. Wengi hawanijui tena. Wengine walikwisha kufa pia, na ujirani ule ambao mtu aliamka kwa sauti ya kazi ya mwenzake haupo. Nilipanda juu ya hori la ng'ombe.

"Mbukwenyi," niliwaamkia. Wakaitikia, mmoja akauliza, "Huyo wa nani?"

Nikamtaja bibi yangu. Kisha nikamtaja mhunzi kwa jina lake, kwa sauti, nikasema kwamba chuma chake kilikuwa kizima, na kwamba mafuta niliyapaka mimi.