Ukoko wa Jikoni kwa Bi Halima

Nilikwenda Mahajanga kwa sababu mdogo wangu Zaina alikuwa hataki kula. Alijifungua salama, mtoto mzima, kisha akakataa chakula. Habari aliileta Abdu, mpishi wa stima ya Mahajanga: "Bi Mariamu, nenda. Nimemwona, amebaki macho tu."

Wakati ule wa Wafaransa huondoki kisiwani kwetu Nosy Be bila karatasi. Pale Andoany, bandarini kwetu, karani Zafi alinizungusha siku mbili ndipo akagonga muhuri. Asubuhi ya tatu nikapanda stima. Sitahani nilikaa na Bi Kasara, msuka mikeka wa Ambanoro, tukala mihogo yangu na samaki wake. Bandari ya Analalava tulishusha magunia, tukaendelea.

Kesho yake, Mahajanga, jua kali. Saidi, mume wa Zaina, alinipokea bandarini, akanipeleka kwa mama yake, Bi Halima, Mngazija anayejivunia jiko lake. Zaina alikuwa kitandani na mtoto kifuani, pembeni supu ya kuku, wali wa nazi na vile vimkate vya mchele wanavyoviita mokari. Vyote vimepoa.

"Nimempikia kila kitu," akasema Bi Halima. "Labda sisi si watu wa hadhi yake."

Tulipobaki wawili nikamwuliza Zaina, unataka nini? Akageukia ukuta. "Ranovola."

Kwetu Nosy Be, mama akisha kupakua wali, alimimina maji juu ya ukoko, yakachemka, tukanywa sote. Ranovola, Kimalagasi hicho, maji ya fedha. Kwa Bi Halima ukoko ni wa kutupiwa kuku, na maji yake ni ya wachukuzi wa bandarini.

"Ningeombaje chakula cha kuku, dada, nyumba ya watu?"

Adhuhuri nikaingia jikoni, nikainjika wali, nikauacha. Harufu ikafika uani.

"We mgeni! Umeunguza wali wangu!"

"Nimekusudia, Bi Halima. Leo kuku wako watafunga."

Nikapakua wa juu, nikamimina maji kwenye ukoko, yakachemka mekundu. Zaina akanywa kikombe kizima, akaomba cha pili, kisha wali kidogo. Bi Halima alisimama mlangoni akikitazama kikombe.

"Usimalize," akasema mwishowe. "Nami niionje hiyo fedha yenu."

Nilikaa siku kumi na mbili. Siku ya kurudi Zaina alinisindikiza hadi mlango wa uani, na miguu ilimbeba.

Tangu hapo, mgonjwa akikataa chakula, simwulizi anataka nini mbele ya mpishi. Nawatoa watu kwanza.