Konzi Moja Juu ya Kilo Tano

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, nilinunua maharage machanga kwa wakulima wa Uluguru na kuyapeleka uwanja wa ndege Dar, yakaliwe Ulaya. Mimi ni mtu wa mjini, Mwembesongo. Sijawahi kuondoka sokoni na fungu la nyanya bila kudai nyongeza. Kila kitu nahesabu mara mbili, na mara ya pili ndipo nagundua nimepunjwa.

Mkulima wangu mkubwa alikuwa mama mdogo, aliyemfuata marehemu mama. Aling'oa migomba kwenye shamba aliloachiwa na bibi, akapanda maharage, kwa kuwa nilimwambia ndege ina njaa. Yalibaki magimbi kidogo, ya kula. Katoni alizifunga mwenyewe kule mlimani, kilo tano kila moja.

Kisha wakala wa ndege akabandika bei mpya. Tozo ya mafuta kwa kila kilo, na katoni ikizidi tano, hata kwa punje, inahesabiwa sita. Nikapanda mlima.

"Shikamoo mama mdogo. Safari hii tano kamili."

"Marahaba. Tano kamili, nimesikia mwanangu."

Akapima ya kwanza mbele yangu, sindano ikasimama palepale. Nikateremka na amani yangu.

Uwanjani karani akapandisha katoni mizanini. Tano na robo. Ya pili, tano na robo. Zote arobaini hivyohivyo.

"Bosi, una kilo mia mbili na arobaini."

"Mia mbili na kumi, bwana."

"Hizo zako. Za ndege mia mbili na arobaini."

Nikambembeleza, nikamuuliza ndege yake inakunywa mafuta au supu. Akacheka, akanionyesha karatasi ukutani. Karatasi haina aibu wala shemeji, utapatana nayo vipi? Kupunguza haikuwezekana, katoni zilishagongwa mhuri wa ukaguzi. Nikapiga hesabu mara mbili, hasara ikatoka ileile. Nikarudi na mzigo. Kufika Chalinze maharage yalishalegea.

Nilimlipa mama mdogo kutoka mfukoni, kisha nikamuuliza kama aliongeza kitu.

"Konzi mojamoja, baada ya kupima. Utampaje mtu kipimo kitupu kama dawa ya dukani? Na wewe usivyokubali embe bila la pili!" Akacheka. "Enhe, wazungu wamesemaje?"

"Wameshukuru."

Neno hilo sikulihesabu hata mara moja.

Kwa shukrani hiyo aling'oa na magimbi, akapanda maharage mpaka kwenye kijito. Kila wiki nilisema nitapanda mlima nikamweleze. Kila wiki nilingoja bei ishuke kwanza. Ikapanda mara mbili.

Nilipokwenda, maharage yalikuwa yamekomaa shambani, maganda magumu, hayana tena wa kuyataka Ulaya.

"Ndege haiji?"

"Haiji, mama mdogo."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu lini. Na ule mzigo wa mwisho, kwamba haukuruka.

Akachukua mizani, akanipimia ya kwenda kupika nyumbani. Sindano ikasimama kwenye tano. Mkono wake ukaingia kapuni kwa mazoea, ukatoka na konzi, ukakaa hewani kidogo.

Akalirudisha kapuni.

"Tano kamili," akasema, akanikabidhi.