Kinyozi wa Shirere na Nyuki wa Chumba cha Pili

Haya nitakayoyasimulia ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Naapa kwa mvi zangu zote, pamoja na zile zilizokwisha kudondoka. Atakayenipata na uongo, hata wa ukubwa wa chawa, nitamlipa. Mimi Phanuel nimestaafu. Sina tena mbio za kukimbia anayenidai.

Saa moja asubuhi, Shirere, pembeni mwa mji wa Kakamega. Wanafunzi wanatoka kwenye vyumba vyao vya kupanga wakiwa na mikate mdomoni. Boda boda zinapiga honi. Mahali fulani mtu anajaribu maikrofoni: "Moja, mbili. Moja, mbili." Wala hafiki tatu.

Muhonja anasimama mlangoni mwa kinyozi chake na kufumba macho kidogo. Kisha anavaa vikinga-masikio vikubwa vya rangi ya machungwa, vya aina ile wanayovaa wapasuaji mbao. Anafunga aproni, anatia kitana mfukoni, anaingia kazini.

Muhonja ni mwanamke wa miaka thelathini na sita na amenyoa vichwa kwa miaka kumi na mmoja. Kinyozi chake hakina redio. Hakina televisheni ya mpira. Ukutani ameandika kwa rangi: SIMU KIMYA. UKITAKA MTINDO, ONYESHA PICHA. Mteja anaingia, anaonyesha picha kwa kidole, anakaa.

"Wengine hudhaninga nina kiburi," anasema. "Wengine, eti nimeokoka kupita kiasi. Mimi sina kiburi. Mimi nasikianga tu. Nasikia yote."

Anachosema si mafumbo. Wewe na mimi tukikaa mahali penye watu wanaoongea, masikio yetu huchagua sauti moja na kuziacha nyingine zipite. Ya Muhonja hayachagui. Kijiko cha jirani kinachokoroga chai, mtoto anayelia ng'ambo ya barabara, simu inayocheza video, yote huingia kwa nguvu sawa.

"Watu kumi wakiongea ni sauti kumi zinazogombania mlango mmoja," anasema. "Zote zinaingia, mimi ndiye natoka."

Nikamuuliza swali ambalo kila mtu humuuliza: na mashine ya kunyolea je? Haipigi kelele?

Akacheka. "Hii naiwasha mimi, naizima mimi. Kelele nikiishika mwenyewe hainiumi, kuka."

Kuka ni babu. Huniita hivyo akiwa amefurahi. Akikasirika mimi huwa "huyu mzee".

Alizaliwa Navakholo, mtoto wa mkulima wa miwa. Shuleni alichapwa kwa kutotulia, kisha akachapwa kwa kuziba masikio mwalimu akifundisha. Mvua ya mawe ikigonga mabati, darasa zima lilikuwa likipiga kelele kuishinda mvua, naye alikuwa akitoka nje kusimama ndani ya ile mvua. "Mvua ni sauti moja," anasema. "Darasa lilikuwa sauti arobaini." Mama yake alimpeleka akaombewe. Walioomba waliomba kwa sauti kubwa sana, na mtoto akakimbia. Ikaonekana kweli ana kitu.

Kitu hicho alikuja kukijua jina miaka miwili tu iliyopita. Mteja wake mmoja, Chelimo, mwanafunzi wa uuguzi, alimtazama akianza kazi tatu bila kumaliza hata moja, akamshauri amwone daktari wa akili. Daktari akamwambia ana ADHD, hali ya ubongo ambayo humfanya mtu ashindwe kushikilia umakini wake mahali pamoja, na kwamba watu wazima wanayo pia, si watoto pekee. Wengi wenye hali hiyo huumizwa na kelele.

"Nililia pale pale," anasema Muhonja. "Si kwa huzuni. Nilikuwa nimejiita mjinga miaka thelathini na nne. Ni kama nilimwomba msamaha mtu ambaye nilikuwa nikimtukana bure."

Dawa alizoandikiwa huzipata mwezi huu, mwezi ujao zikamshinda bei. Siku nzuri hunyoa watu kumi na wawili, shilingi mia kwa kichwa, mwanafunzi sabini. Siku ya kampeni za kuuza sabuni kwa lori lenye spika, hufunga saa nne asubuhi na kwenda nyumbani.

Sasa nieleze habari za Mzee Barnaba, maana bila Barnaba hamtaelewa kitana.

Barnaba ni mzee wa kanisa. Mwaka jana, Jumamosi moja, alikuja kunyolewa asubuhi kwa sababu siku hiyo angemsindikiza mpwa wake wa kike kufunga ndoa. Muhonja akanyoa upande wa kulia vizuri kabisa. Ndipo fahali wa kupigana akapita barabarani akipelekwa uwanjani, na nyuma yake kijiji kizima: ngoma za isukuti, filimbi, pembe, vijana wanaimba kwa mapafu yote.

Muhonja akazima mashine, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alikusudia kutulia kidogo tu. Huko nyuma akaona taulo chafu, akaanza kuziloweka. Sabuni ikawa imeisha, akaenda dukani. Dukani akaona sukumawiki, akakumbuka hana mboga. Alipokumbuka kwamba ana mtu kitini, alikuwa nyumbani kwake anakata vitunguu.

Barnaba alikuwa ameshaondoka, kofia kichwani. Lakini kanisani mwanamume havai kofia. Mlangoni kijana wa kukaribisha wageni akamwambia kwa adabu, "Mzee, kofia."

Akaivua. Upande wa kulia uling'aa, wa kushoto ulikuwa msitu. Nasikia kwaya ilirudia ubeti wa tatu mara nne kwa sababu hakuna aliyekuwa akitazama kitabu. Nasikia mpiga picha alizima taa ya kamera, upara ule ukamtosha.

Shirere nzima ikampa Muhonja jina: Nusu. "Umenyolewa kwa Nusu?" "Nusu amefungua?" Wateja wakapungua. Muhonja akamwendea Barnaba nyumbani kuomba msamaha na kumweleza habari ya daktari. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, basi tafuta njia ya kukumbuka kwamba mimi niko kitini. Mimi nitarudi. Nina kichwa kimoja tu, siwezi kukigawia vinyozi wawili."

Ndipo Muhonja akabuni njia yake. Kelele zikimshinda katikati ya kazi, humpa mteja kitana ashike. Maana yake: nimetoka, ninarudi. Huko nje, mkono wake uliozoea kupapasa mfuko wa aproni ukikuta hakuna kitu, anajua kuna mtu anamngoja. Kitana kiko kwake, lazima nikakifuate.

Njia hiyo imemshikia kazi mwaka mzima. Jina la Nusu likaanza kusahaulika. Wapo wateja wanaovuka vinyozi vitatu vya mjini kuja kukaa kwake kimya, na wapo wanaolala kitini wakakoroma, jambo ambalo yeye anasema linavumilika likiwa la mtu mmoja.

Kisha mwezi uliopita chumba cha pili, kinachogusana na chake ukuta kwa ukuta, kikabaki wazi. Mwenye nyumba ni Mama Naliaka, mjane anayesomesha watoto kwa kodi za vyumba hivyo. Aliyekitaka alikuwa Willis, kijana wa kukodisha spika za matanga na harusi. Spika ambayo haijajaribiwa haikodishwi, na Willis hujaribu zote, kila siku.

Muhonja hakulala vizuri tangu asikie. "Ukuta wenyewe ni wa tofali moja," aliniambia. "Willis akiingia, mimi natoka. Na sijui niende wapi, kuka. Mji wote unaongea."

Bahati nzuri chumba hicho kina nyuki.

Ndiyo, nyuki. Wamejenga ndani ya ukuta miaka mingi, na hawana shida na mtu anayenyamaza. Lakini wakisikia besi ya spika hutoka wote, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Niliwahi kuwaona kwa macho yangu wakimfukuza mtu mwenye redio mpaka Lubao. Walirudi jioni, na redio wakarudi nayo.

Willis, baada ya kuelezwa habari hizo na mtu wa kuaminika aliyeapa kwa mvi zake, alirudisha ufunguo siku hiyo hiyo. Muhonja akapumua.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kinyozi, kimya kama sheria inavyotaka. Barnaba alikuwa kitini. Upande wa kulia ulikuwa tayari. Nje tukasikia mkokoteni, kisha sauti ya Mama Naliaka: "Teremsha hapa, Willis. Leo ndio leo."

Nikatamani kwenda haja.

"Mzee Phanuel, usiende popote!" Alikuwa mlangoni, ufunguo mkononi. "Nimeishi na hii nyumba miaka ishirini. Nyuki wangu mimi sijawahi kuwaona. Njoo unionyeshe."

"Mama, hawa hutokanga tu wakisikia besi," nikasema.

"Ndio maana nimekuja na besi."

Alifungua chumba. Willis, akiwa amejifunika shuka kichwani, akasukuma spika ndani, akawasha na kuruka nje. Mlio ule ulitikisa vioo. Mabati yakaimba. Kitu pekee kilichotoka chumbani kilikuwa mjusi, naye alikuwa hana haraka.

Lakini mimi sikuwa nikitazama mjusi. Nilikuwa nikitazama ndani ya kinyozi.

Muhonja alikuwa amezima mashine. Vikinga-masikio alikuwa navyo, lakini besi hupita hata kwenye mifupa. Akachomoa kitana mfukoni, akakiweka katika kiganja cha Barnaba, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Barnaba akafunga vidole. Hakugeuka. Upande mmoja upara, upande mwingine msitu, kama mwaka jana. Na kesho yake ilikuwa Jumapili.

Mama Naliaka akachungulia. "Huyu ameenda wapi? Mzee, umeachwa hivyo?"

"Sijaachwa," Barnaba akasema kwa sauti ya kushindana na spika. "Nimeshikishwa kitana."

"Kitana cha nini?"

Barnaba akamweleza, kwa maneno machache. Mama Naliaka akaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma. Muhonja alikuwa amechuchumaa kwenye kibustani cha nyuma, kati ya mistari ya sukumawiki, mikono juu ya vile vikinga, anajiyumbisha. Mama huyo akamwona. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake akageuka, akavuka mbele yangu bila kunitazama, akachomoa waya wa spika kwa mkono wake mwenyewe.

Kimya kikaingia Shirere. Willis akatoa kichwa kwenye shuka.

Tukangoja. Kwenye mistari Muhonja akainuka, akang'oa gugu moja, akang'oa la pili. Nikasema moyoni, basi, ameshaenda. Sasa atapalilia mpaka jioni. Akainama kwa la tatu. Mkono ukapita kwenye mfuko wa aproni. Ukasimama. Ukapapasa tena.

Akarudi ndani haraka, macho mekundu. "Mzee," akamwambia Barnaba, "kitana changu."

"Hiki hapa, mama. Nilijua utakitaka."

Akawasha mashine na kumaliza upande wa kushoto. Mama Naliaka alitazama mpaka nywele ya mwisho, kisha akamwambia Willis, "Wewe nitakutafutia kile chumba changu cha kule barabarani. Huko hata ukipiga bomu ni sawa." Willis akasema barabarani ndiko alikotaka tangu mwanzo, ila aliambiwa huko kuna chatu. Wote wakageuka kunitazama.

"Na wewe," akasema Mama Naliaka, "uliyeapa kwa mvi. Mwezi mzima chumba changu kimekaa bure kwa nyuki wako. Kodi ni elfu nne na mia tano. Utalipa ya mwezi uliopita na huu. Chumba ni chako, kaa na nyuki wako."

Muhonja akageuka na mashine mkononi. "Ati jirani yangu ni huyu mzee?" Akamshika Mama Naliaka mkono. "Mama, nirudishie Willis. Spika ina mahali pa kuizimia."

Barnaba alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka.

Nimelipa. Kuhusu kwaya, Barnaba anasema ubeti ulirudiwa mara moja tu, na mpiga picha alitumia taa kama kawaida. Kwa hayo mawili nilimlipia kunyolewa, pande zote mbili. Redio ya Lubao hakuna aliyeniuliza, nami sikujitolea.

Chumba chenyewe sikukaa. Tumekubaliana Muhonja akitumie, nami nilipe mpaka atakapoweza mwenyewe. Ana mpango nacho. Anataka kutoboa mlango kati ya vyumba viwili, aweke kiti kidogo na pazia zito, na humo awanyoe watoto wanaolia wakisikia mashine. Kina mama wameanza kuuliza, mmoja ametoka mpaka Navakholo.

"Mtoto kama yule si mtukutu," anasema Muhonja. "Anaumia. Mimi nilihitaji mtu mmoja tu wa kuniambia hivyo."

Jana alimpokea wa kwanza, msichana wa miaka sita aliyefunga masikio kabla hata ya kukaa. Muhonja hakumshika. Alimpa mashine mkononi. "Iwashe wewe," akamwambia. "Izime wewe." Mtoto akawasha, akazima. Akawasha tena, akacheka.

Mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni, nikafungua mdomo nimwambie yule mtoto habari za jogoo wa Lubao aliyejinyoa mwenyewe.

Muhonja akanipa kitana nishike.

Nikakishika, nikangoja.